Slaidi za sukari au sahani ya visima 96?

Maabara_Tanga: Wadau, nataka kuona seli zinavyoitikia sukari za mwani wetu. Fedha lazima zitumike mwezi huu. Ninunue slaidi zenye vitone vya sukari tayari, au sahani ya visima 96 nipake mwenyewe?

Mzee_Hadubini: Seli gani? Mwani upi? Skana ya slaidi unayo? Mgonjwa gani huyu anataka dawa bila kutaja anapoumwa!

Maabara_Tanga: Shikamoo mzee. Makrofaji za binadamu, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu. Spinosamu na kotonii. Skana ipo Dar, si yetu.

Binti_Mlingotini: Basi sahani. Slaidi itakuonyesha kilichonata wapi, ikaishia hapo. Wewe unataka mwitikio, kwa hiyo utachota majimaji ya kila kisima upime TNF, ile protini seli ya kinga inayoimwaga ikichokozwa. Kwenye slaidi vitone vyote vinachangia majimaji mamoja, utajuaje kitone kipi kimeichokoza seli?

Fundi_Pipeti: Msiidharau slaidi. Sukari mamia kwa sampuli kiduchu! Karajini, yaani hiyo sukari ya mwani, ni ndefu, inashika yenyewe kwenye nitroselulosi, ule utando wa juu ya slaidi. Sukari fupi ndizo zinadai kiungo cha kemikali. Ila nitroselulosi nayo hung'aa yenyewe kwenye mwanga wa kijani, kwa hiyo alama ya seli chagua ya rangi nyekundu.

Kaka_Chumbageni: Ngojeni kwanza. Sisi tuliletewa unga wa karajini, chupa imeandikwa "safi". Makrofaji zikamwaga TNF, ofisi nzima vicheko. Kupima endotoksini, ile sumu ya bakteria inayochokoza seli hizo hizo, imejaa! Muuzaji akasema yeye huuzia watu wa vyakula, hayamhusu. Tukatia polimiksini B kuizima endotoksini, TNF ikashuka. Lakini polimiksini ina chaji chanya, karajini imejaa salfeti zenye chaji hasi, nazo zinang'ang'aniana. Sasa tumezima kipi? Mpaka leo tunabishana.

Mzee_Hadubini: Ndiyo maana nasema anza na sukari moja. Fried na Duffy mwaka 1996 walionyesha chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria zinanata kwenye kondroitini salfeti A, sukari iliyomo kwenye kondo la mjamzito. Sukari moja tu, na imefungua njia hadi utafiti wa chanjo.

Fundi_Pipeti: Mzee, huko ni kunata. Yeye anauliza mwitikio.

Binti_Mlingotini: Spinosamu ina salfeti nyingi kuliko kotonii, zipime mbalimbali. Na chukua mwani wa kwenye chanja, ule wa kuanikwa mchangani ni uchafu mtupu.

Kaka_Chumbageni: Kotonii utaipata wapi siku hizi, dada? Maji yakipata joto inakufa yote.

Binti_Mlingotini: Kwenu huko. Kwetu wanaipeleka kina kirefu, inapona.

Kaka_Chumbageni: Kina kirefu bila mtumbwi? Akina mama wangapi wanao?