Laptopu ya ThinkPad: T470 yenye "Windows 11 tayari" au niongeze hela nichukue T480?

Mchapaji_Arua
Salamu wakuu. Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Arua: barua, CV, picha za pasipoti, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za URA (mamlaka ya mapato) mtandaoni. Kompyuta ya mezani imekufa, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo safari hii nataka laptopu. Jamaa wa Kampala kanitumia picha za ThinkPad mbili za mtumba, T470 kwa 750,000 na T480 kwa 1,100,000. Zote i5, RAM 8, SSD 256. Kwa macho sioni tofauti, hata ganda ni lilelile, na anasema T470 "ina Windows 11 tayari". Sasa hiyo 350,000 ya juu nanunulia nini? Mimi hapo naona wino na katoni za karatasi.

karani_tororo
Chukua T470. Natumia EliteBook 840 G3, ya zamani kuliko hiyo, Word inafunguka na printa inatoa. Watu wa humu wanapenda kutumia hela za wenzao.

fundi_william_street
Banange, karani, wewe unachapa zako. Huyu anaachiwa vyeti na nywila za URA za watu.

Kaka wa Arua, ganda ni moja, ndani ni mbili. T470 nyingi zina prosesa ya i5-7200U au 7300U, kizazi cha saba, viini (cores) 2. T480 nyingi zina 8250U au 8350U, kizazi cha nane, viini 4. Kwa Windows 11, Microsoft kwa upande wa Intel wanaanzia karibu wote kizazi cha nane. Kwa hiyo hiyo "tayari" maana yake mtu kaipitisha kwa flashi iliyotengenezwa na programu ya Rufus, ukaguzi wa Windows 11 ukiwa umezimwa. Itawaka, itafanya kazi, sikatai. Ila toleo jipya la kila mwaka halitakuja lenyewe, na kila toleo la Home au Pro linahudumiwa miezi 24 tu. Likiisha unarudi kwa fundi na flashi yake. Windows 10 nayo huduma ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025.

Usidanganywe na betri, maana wauzaji wanaitumia kuipandishia T480 bei. Zote mbili zina betri ya ndani na ya nje, na ya nje unaichomoa ukaweka nyingine mashine ikiwa inawaka. Kwa umeme wa Arua hiyo ni mali. Mwambie aendeshe amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya betri, akupigie picha. Ya ndani ikiwa mpya ni Wh 24 (kipimo cha umeme inaoshika), ikisoma 11 ujue imebaki chini ya nusu. Ya nje iko ya 24, 48 na 72, na ile ya 72 utaijua kwa tumbo lake, inainua laptopu kwa nyuma.

T480 ina ugonjwa wake pia. Inachaji kwa USB-C peke yake, wakati T470 ina na lile tundu la mstatili. ThinkPad za miaka hiyo zilitoka na kasoro kwenye programu ya chipu ya Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C; ukiiacha bila kusasisha tundu la USB-C linaweza kufa. Lenovo walishatoa sasisho. Muulize kama limewekwa, kisha ajaribu chaja kwenye matundu yote mawili mbele ya kamera.

La mwisho, awashe huku anabonyeza F1 ili aingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila, achana nayo. Hizi ni mashine za maofisi ya Ulaya, na nywila ile haitoki kwa kuchomoa betri kama wanavyokwambia.

Ningekuwa wewe, T480.

mama_kopi
T470 na Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) inakwenda vizuri pia, ya kwangu iko dukani na Epson yangu ya wino wa chupa inaitambua. Lakini nisikufiche: faili za Word zenye majedwali zinahama mistari kwenye LibreOffice, ile inayotumika badala ya Word, na mteja aliyesimama kaunta hataki kusikia habari za Linux. Mimi nina mashine ya pili kwa ajili hiyo. Kama yako ni moja, msikilize fundi.

Mchapaji_Arua
Asanteni. Katuma picha: T480 ni 8350U, betri ya ndani inasoma 19, matundu yote yanachaji. Kumbe kibodi ni ya Kijerumani, Z imekaa mahali pa Y! Nimemwambia mchapaji hawezi kulipa bei kamili kwa hiyo, ameshuka hadi 1,020,000 na chaja juu. Anataka nitume kwa mobile money leo, aipakie kwenye basi la usiku.

fundi_william_street
Kibodi ya Uingereza ya T480 inapatikana hapa mjini, na inabadilishika. Ila F1 hujaisema. Hela isitoke kabla hujaona hiyo video.