Mwezi wa tisa nitakuwa Ujerumani, nataka kupita maonyesho ya reptilia Hamm. Mliowahi kwenda au kufuga, hali ikoje siku hizi?

fundi_baridi_tegeta:

Habari za saa hizi wakuu. Mimi ni fundi friji na AC hapa Tegeta, mwezi wa tisa ofisi inanipeleka mafunzo wiki tatu Dortmund. Kuangalia ramani nikaona Hamm iko puani kabisa, na Hamm ndo kwenye yale maonyesho makubwa ya reptilia, yanafanyika mara nne kwa mwaka na ya mwezi wa tisa yanaangukia Jumamosi nikiwa hukohuko. Toka nimejua hilo usingizi umepungua.

Niwaeleze nilikotokea. Nikiwa darasa la nne kulikuwa na kinyonga kwenye uzio wa michongoma jirani na kwetu, watoto wakawa wanamrushia mawe, mimi nikamtoa nikamficha kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, nikamwekea kisosi cha maji na nzi niliowaua kwa kandambili. Nilijiona nimemuokoa. Siku ya tisa nikamkuta amelala ubavu, rangi kama majivu, macho yameingia ndani. Nimekuja kuwa mtu mzima ndo nikasoma kwamba kinyonga hayajui maji ya kwenye kisosi, yeye analamba matone kwenye majani, na nzi asiyetembea kwake siyo chakula. Kwa hiyo nilimuua kwa kiu na maji yako mbele ya pua yake. Hiyo kitu haijawahi kunitoka na ndo imenifanya nisome kuhusu hawa viumbe miaka yote hii.

Sasa nauliza, kule ndani pakoje, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia? Nasikia pia ufugaji wenyewe umebadilika sana kulinganisha na zamani, umebadilika vipi? Na kubwa zaidi, inawezekana kununua pale nikaja naye Dar kwa njia halali? Kuna wale mijusi wa buluu nimewaona kwenye picha, sijawahi kuona kiumbe mzuri vile.

mamaZuu_dortmund:

Kaka karibu sana, mimi kwetu Magomeni Mapipa ila huku nina mwaka wa kumi na mbili. Hamm ni treni fupi tu, tutakuelekeza. Mwanangu ana miaka 14 anafuga geko wawili, wale jamii ya mjusi kafiri, kwa hiyo yale maonyesho nimeshaenda mara tano nikiwa mpeleka mtoto, sasa hivi hata yeye asipotaka naenda.

Kuingia unakata tiketi kama mtu mwingine yeyote. Ila wahi, maana kabla milango haijafunguliwa foleni ishazunguka jengo, watu wamebeba maboksi meupe yale mepesi kama ya kubebea samaki pale Feri, ndo wanawekea wanyama wasipigwe baridi njiani. Ukiingia unakutana na joto na kelele, meza kwa meza, ukumbi baada ya ukumbi, na wanyama wengi hawako kwenye vioo vikubwa, wako kwenye vikopo vya plastiki vyenye mfuniko uliotobolewa, saizi ya kikopo cha aiskrimu, vimepangwa kama maandazi. Mara ya kwanza nilishtuka kusema kweli, nilitaka kugeuza. Kuna pia wanaouza taa, panya wa kugandishwa, nyenje, mpaka makumbi ya nazi, haya tunayoyatupa sisi, wameyagandamiza kama tofali na watu wanapanga mstari.

Jifunze kusoma vibandiko kabla hujaenda. Ukiona 1.0 maana yake dume mmoja, 0.1 jike mmoja, 0.0.3 ni watatu ambao jinsia haijajulikana bado. Af kuna herufi, NZ ni aliyezalishwa na wafugaji, WF ni aliyekamatwa porini. Hizo herufi mbili ndo zinabeba mambo yote kaka. Wazee wa huku wananiambia zamani meza zilijaa WF, anatoka msituni anapandishwa ndege anafika ana minyoo na mawazo, nusu safari amekufa, na mnunuzi hakuuliza kitu. Siku hizi vijana wanauliza. Nimemuona mwanangu anamwambia muuzaji afungue mfuniko, akatoa tochi ndogo akammulika yule geko vidoleni kimoja kimoja, anatafuta kama kuna ngozi iliyobaki baada ya kujichuna, maana ikibaki inakaza kama uzi mpaka kidole kinakatika. Muuzaji naye akatoa daftari, tarehe yai lilipoanguliwa, siku aliyokula mara ya mwisho, kila kitu kwa kalamu. Hapo tukanunua. Meza ya jirani jamaa alikuwa na vinyonga wamefumba macho mchana kweupe, na kinyonga akifumba macho mchana huyo anaumwa, tukapita.

Mabadiliko mengine ni kwenye makazi. Watu walikuwa wanafuga chatu kwenye droo za plastiki kama za kabati la nguo, droo juu ya droo, chini karatasi, maji kwenye bakuli basi. Ambao bado wanafanya hivyo wapo wengi tu, ila sasa kuna kundi kubwa linataka kioo kikubwa chenye udongo wa kweli, majani makavu, wadudu wa kusafisha kinyesi, taa ya UV ambayo mnyama anaiota kama jua. Mimi niko upande wao bila kusita.

Na kuna suala la rangi. Chatu wale wadogo wa Ghana, Togo na Benin, albino wa kwanza kuthibitishwa kwamba anarithisha alizalishwa Marekani mwaka 1992, toka hapo ikawa mbio za kuchanganya rangi. Kuna aina wanaiita spaida, mchoro wake mzuri kama wavu, ila ileile jeni inayompa mchoro inamharibia mizani ya mwili, kichwa kinatikisika, mwingine akitaka kumkamata panya anakosa anajipindua mgongo. Nimemuona mmoja kwa macho yangu, anazungusha shingo kama anatafuta kitu kwenye dari. Sikuweza kuendelea kuangalia. Sasa hivi wapo wafugaji wengi wanakataa kuwazalisha kabisa, na mimi naona wamechelewa.

Nyoka wenye sumu sahau. Mwaka 2019 swila wa Asia alitoroka kwa mtu mji wa Herne, hauko mbali na hapa, wakahamisha watu kwenye nyumba na kumtafuta siku kadhaa. Kuanzia Januari 2021 jimbo letu limepiga marufuku watu binafsi kuanza kufuga wenye sumu hatari.

Kuhusu wale wa buluu nitamwachia mwingine, nina maneno lakini nitakasirika.

mtu_wa_matombo:

Dada umefanya vizuri kuniachia, maana mimi nimezaliwa Matombo, Morogoro Vijijini, na huyo mjusi wa buluu ni wa kwetu.

Mkuu fundi, huyo mjusi anaishi msitu wa Kimboza na vipande vichache vya jirani chini ya milima ya Uluguru, duniani kote hakuna sehemu nyingine. Kimboza yenyewe ni kama kilomita nne za mraba. Huwezi kumkuta kila mti, anakaa kwenye ile mimea jamii ya mkadi yenye majani marefu ya miiba pembeni, anajificha katikati ya majani pale yanapobana. Dume ndo buluu ile iliyokutoa usingizi, jike ana kijani cha shaba. Wote urefu wa kidole tu.

Mimi nilikuwa form two walipoanza kuja wanunuzi. Hawakuja na bunduki wala nini, walikuja na vitambaa na chupa, wakawa wanalipa vijana kwa kichwa. Nakumbuka kaka yangu mkubwa alivyonionyesha namna ya kumpata. Ukipanda kuna miiba na mjusi anazama ndani zaidi, sasa watu wakaona kazi ya nini, wakawa wanachukua panga wanaangusha mti mzima, ukilala chini unachambua majani moja moja. Mijusi mitano, mti mmoja umekwisha. Nilishika mmoja kwenye kiganja, moyo wake unaupiga ngozi yangu kama saa ya mkononi, nikampa kaka akamtia kwenye chupa. Hela tulinunulia daftari na sukari, siwezi kudanganya kwamba hatukuihitaji.

Baadaye watafiti wakakadiria kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa kati ya mijusi 32,000 na 42,000 hivi, kuanzia Desemba 2004 mpaka Julai 2009. Kikundi kimoja, msitu mmoja. Ndo maana anahesabika kwenye daraja la waliobakiza hatua moja kutoweka, na toka Januari 2017 yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ni marufuku. Serikali yetu nayo ilishasimamisha kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Mwaka 2022 likatoka tangazo la kuwaruhusu kwa miezi sita wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama wawauze nje, likafutwa chapuchapu baada ya watu kupiga kelele, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa ukimkuta Hamm ataandikwa NZ na atakuwa na cheti, na inawezekana kabisa ni kweli kazaliwa hukohuko maana wanazaliana vizuri kwenye vioo. Lakini babu yake alitoka kwenye mti ulioangushwa na panga, huenda na la kaka yangu. Mwangalie vizuri mkuu. Usimnunue.

dr_mifugo_survey:

Niongezee upande wa sheria kwa sababu fundi aliuliza na naona mambo ya msitu yametuchukua. Kwa sheria ya wanyamapori namba 5 ya 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kwa niaba yetu. Hata kinyonga wa kwenye uzio wako siyo wako. Kufuga unatakiwa kibali kupitia TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kuingiza kutoka nje nako ni vibali juu ya vibali, vya huku na vya kule unakotoka, na vinatangulia kabla ya mnyama. Ukijaribu kumpitisha kwenye begi pale uwanja wa ndege Julius Nyerere utapoteza mnyama, hela, na inaweza kuwa kazi pia. Kwa wiki zako tatu haiwezekani, nakwambia kama rafiki.

Ila nisisikike kama nasema kila ufugaji ni mbaya. Nilipokuwa mwanafunzi hapo Mlimani nilipata bahati ya kuchungulia chumba cha vyura wa Kihansi. Wale siyo reptilia, najua, lakini kisa chao kinahusika. Walikuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, eneo la hekta chache, bwawa la umeme lilipoanza mwaka 2000 maji yakapungua sana na manyunyu yakaisha. Wakachukuliwa vyura 499 kwenda kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Mwaka 2010 wakarudishwa mia moja hapa chuo kikuu, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Nilichokiona mimi ni matangi ya vioo, mabomba membamba yananyunyiza ukungu, na kwenye jani la moss chura wa njano mdogo kuliko kucha ya dole gumba. Yule mwangalizi alivua viatu vyake vya nje mlangoni akavaa vingine vya ndani, akanawa, ndo akagusa mfuniko, kwa sababu ugonjwa wa fangasi wa ngozi ukiingia mle unamaliza wote. Wale waliokuwa wanajua kupima joto na unyevu wa tangi ndo waliobakisha kile kiumbe duniani. Kwa hiyo ujuzi ule wa wafugaji una kazi yake.

fundi_baridi_tegeta:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, ya mtu_wa_matombo nimemsomea na mke wangu. Sikujua. Nilikuwa nimeshaweka hela pembeni kabisa kwa ajili ya huyo mjusi, hela hiyo sasa ina kazi nyingine.

Hamm naenda, mamaZuu nakuja inbox kuhusu treni. Nataka nione hizo taa na zile thermostati, nione wanavyoshikilia joto upande mmoja wa kioo na ubaridi upande mwingine, maana hiyo ndo kazi yangu kila siku ila mimi nafanya kwa ajili ya soda na nyama. Dokta, pale Mlimani kwenye wale vyura mitambo ya kupoza nani anaitengeneza ikiharibika? Nauliza kwa dhati, Jumamosi zangu niko huru na sitaki malipo.

Na mtu_wa_matombo, kwenda Kimboza kihalali mtu anaanzia wapi? Kuangalia tu, na simu ya kupiga picha.

mtu_wa_matombo:

Anzia ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, Morogoro mjini, eleza unachotaka upewe ruhusa na mtu wa kukuongoza, usiingie peke yako. Ukitoka mjini unashika barabara ya Matombo. Epuka masika, ile njia inateleza vibaya. Fika asubuhi jua likiwa limeanza kupiga kwenye majani, simama mbali na mkadi hatua tatu hivi, usiguse kitu, tulia dakika kumi. Dume anatoka mwenyewe kuota jua na kichwa kikiwa chini.

Nikiwepo nyumbani nitakuja na kaka yangu. Yeye sasa hivi anaotesha miche ya mkadi nyuma ya nyumba, imefika magotini.

mamaZuu_dortmund:

Mniwekee nafasi mbili, mimi na mtoto tunakuja Desemba.