Re: Vitabu vya kusikiliza, mtu anaanzia wapi?

> Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Kazi yangu ni ya kusimama siku nzima halafu kuna treni asubuhi na jioni, nikifika nyumbani macho hayataki tena maandishi. Naona watu wanasikiliza vitabu kwenye simu. Je ni lazima kulipia? Na lugha ya huku ugenini bado inanipiga chenga ikisomwa haraka, sijui kama nitaambulia kitu.

Marahaba mdogo wangu. Kulipia si lazima hata kidogo, na nakuomba usiingize namba ya kadi yako ya benki popote kabla hujaenda maktaba ya umma ya hapo mtaani kwako. Wengi wetu tunapita nje ya lile jengo miaka nenda rudi tukidhani ni la wanafunzi au la wenyeji tu, kumbe sehemu nyingi ukiwa na kitambulisho na karatasi yoyote yenye anuani yako unapewa kadi bure, na kwingine unajisajili mtandaoni bila hata kutoka ndani. Ukifika uliza swali moja tu, kwamba vitabu vya sauti mnaazimisha kwa programu gani? Watakutajia Libby, au BorrowBox, au hoopla, inategemea wao wamejiunga na ipi. Unaipakua, unaweka namba ya kadi na namba ya siri, basi umeshaingia.

Nichukulie Libby maana ndo natumia kila siku. Ukitafuta kitabu utaona picha ya jalada, na kile cha sauti kina alama ya hedifoni, kisicho nayo ni cha kusoma kwa macho. Sasa vitabu vinavyovuma vina foleni, na watu wengi wakiiona wanakata tamaa wanafuta programu. Usifute. Maktaba kwa kawaida inanunua leseni, kwa hiyo nakala moja inasikilizwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, sawasawa na kitabu cha karatasi. We jiandikishe kwenye foleni ya kile unachokitaka kwa moyo, halafu leo hii chuja matokeo ubaki na vinavyopatikana sasa hivi, azima kimoja uanze. Zamu yako ikifika bado hujamaliza cha kwanza kuna sehemu ya kuchagua uletewe baadaye, na hupotezi nafasi yako. Muda ukiisha, mara nyingi ni siku 14 au 21, kitabu kinarudi chenyewe, hakuna faini, hakuna kugombezwa na mtu.

Cha pili cha bure ni LibriVox. Hiyo ilianza 2005, watu wanajitolea kusoma vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha wanaviweka mtandaoni kwa yeyote, hakuna akaunti hakuna foleni, mafaili ya MP3 unayaweka kwenye simu na yanabaki yako. Ila fahamu kwamba wao wanafuata sheria ya hakimiliki ya Marekani, nchi uliyopo inaweza kuwa na miaka yake tofauti. Na kwa kuwa ni watu wa kujitolea kuna wanaosoma vizuri mno na kuna ambao hutamaliza nao sura ya kwanza.

Na hapo ndo kwenye neno langu kubwa: chagua msomaji kwanza, kitabu baadaye. Mtu akishindwa vitabu vya sauti anasema mi si mtu wa kusikiliza, lakini ukimdodosa utakuta kilichomshinda ni sauti. Msomaji mmoja anameza maneno, mwingine anakimbiza utadhani anatangaza mpira, mwingine lafudhi yake sikio lako halijaizoea. Karibu kila programu ina kipande cha kuonja bure, dakika chache. Usikionje ukiwa umekaa kimya nyumbani, kionje humohumo kwenye treni na kelele zake, kwa sababu huko ndiko utakakosikilizia. Ukimpata msomaji unayemuelewa bila kukunja uso, bonyeza jina lake, vitabu vyake vingine vyote vinatokea, na hapo una akiba ya miezi.

Kuhusu lugha. Msomaji wa kawaida anakwenda kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo kitabu cha maneno 90,000 ni kama saa 10. Kama treni ni nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, ndani ya wiki mbili za kazi umekimaliza. Anza kwa kasi ya 0.9 au 0.8, yaani chini kidogo ya 1 ambayo ndo kasi ya kawaida, isishuke sana chini ya hapo maana sauti inaanza kuburuzika na utachoka haraka, na sikio likizoea rudisha 1. Kitabu cha kwanza kiwe ambacho habari yake unaijua tayari, labda umeshakisoma au umeona filamu yake, au kumbukumbu za maisha ya mtu anayesoma mwenyewe, hao huwa wanasimulia kama wanaongea na wewe. Riwaya yenye wahusika wengi wenye majina yanayofanana iache kwanza. Vitabu vya hesabu, vya mapishi, vya kujaza fomu, hivyo tafuta vya kusoma kwa macho, sikio haliwezi kurudi juu ya ukurasa kuangalia namba.

Akili itatangatanga, hilo halina cha kuogopa. Kuna kitufe cha kurudi nyuma sekunde 15 au 30, kitumie bila kuona haya. Ukisikiliza kitandani weka kipima muda cha kuzima, la sivyo asubuhi utakuta kitabu kimefika mwisho na wewe uliishia sura ya pili. Barabarani acha sikio moja wazi, hasa ukivuka, hili nalisema kwa msisitizo. Na pakua ukiwa kwenye waifai, saa moja ya sauti ya kawaida ni kama MB 30, kitabu kizima kama MB 300, bando la simu lisiguswe.

Za kulipia utazijua baadaye. Audible, ambayo Amazon waliinunua 2008, ina mpango unaokupa krediti kwa mwezi, yaani haki ya kuchukua kitabu bila kulipa tena, na unachonunua kwa krediti kinabaki kwako hata ukijitoa, lakini krediti ambazo hujazitumia zinapotea siku ya kujitoa, kwa hiyo zimalize kwanza. Na sisi tunaohamahama nchi tujue kwamba haki za vitabu zinauzwa kwa maeneo, kitabu ulichokiona kwenye akaunti ya nchi uliyotoka kinaweza kisiwepo kwenye ya nchi uliyopo, simu yako wala haina ubovu.

—

Kaka kamaliza mambo ya msingi, mi naongeza la wazee na watoto maana wengi humu tunaishi nao.

Kama una mzazi ambaye macho yamefifia usimwache na hizi programu za kawaida peke yake, uliza kama nchi uliyopo ina huduma ya vitabu vya sauti kwa wasioona. Vitabu hivi asili yake ni huko hasa, miaka ya 1930 Marekani na Uingereza walianza kuvirekodi kwenye sahani za santuri kwa ajili ya wasioona, wakiwemo askari waliopofuka vitani, na nchi nyingi huduma ipo mpaka leo. Huwa wanataka karatasi ya daktari au ya mtaalamu wa macho, na baadhi wanaazimisha mpaka kifaa chenye vitufe vikubwa ambacho mzee anakiendesha kwa kupapasa. Tena kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaoruhusu nchi wanachama kupelekeana vitabu vya namna hii kuvuka mipaka, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo, kwa hiyo mwenye kuhudumia wasioona akikuambia Kiswahili hakuna, muulize kama wameshaomba kutoka kwa wenzao wa huko.

Kwa watoto tafuta tovuti ya Global Storybooks. Hadithi za African Storybook, mradi wa hadithi za watoto wa Afrika, zimewekwa pale kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, zikiwa na picha na sauti. Mtoto anasikia kwa Kiswahili halafu anabadilisha lugha kwenye hadithi hiyohiyo kwenda ile ya shuleni. Wa kwangu anapenda kurudia sentensi kabla msomaji hajaimaliza, na mi hapo simsahihishi, namwachia.

—

> Asanteni sana sana. Kadi nimeipata, Libby imekubali, nimeonja wasomaji watatu na mmoja namuelewa vizuri kabisa. Swali la mwisho, simu yangu imejaa, nafasi ndogo. Nafanyaje?

Hongera mdogo wangu. Angalia mpangilio wa upakuaji ndani ya programu, zima upakuaji wa moja kwa moja ili isije ikajaza simu bila wewe kujua, halafu pakua kitabu kimoja tu kwa wakati. Ukikimaliza kirudishe mwenyewe usingoje siku zitimie, kinaondoka kwenye simu na aliye nyuma yako kwenye foleni anakipata mapema. Na kama simu yako inapokea memori kadi, picha na video zihamishie huko uache nafasi ya ndani kwa sauti. Huyo msomaji umempenda, tuandikie jina lake hapa na wengine wamjaribu.