Ati kadi yangu ni "tofali la kuzuilia mlango"? Mbele za watu?

mkata_video

Watu wa Malindi, nimetoka duka la kompyuta na simu saa hii hii. Sijala, sijaketi, mkono bado watetemeka. Yule jamaa mwenye duka mnamjua. Sitaji jina kwa sababu hakuna haja, hata paka wa sokoni wanamjua.

Nimeingia kwa adabu, nimempa shikamoo yake, nimengoja zamu yangu. Nikamwambia: mzee, nina kadi ya picha ya kompyuta, GTX 1050 Ti. Mchana nakatia video za harusi, usiku wadogo zangu wanachezea gemu. Nimedunduliza tangu Ramadhani, nina 9,000. Nibadilishe sasa au nivumilie kidogo? Swali langu lilikuwa hilo tu.

Akanipokonya kadi. Akaiinua JUU kama mnadi wa papa, akawaita wote waliokuja kununua chaja na kurekebisha simu: "Njooni muone! Hii mtu aiita kadi, hili ni tofali la kuzuilia mlango!"

Tofali. La kuzuilia mlango.

Duka zima likacheka mpaka nikadhani mabati yatang'oka. Kuna mama mmoja alicheka hadi akashika kaunta asianguke. Huyo mama namjua! Harusi ya binti yake nimeikata mimi, saa mbili na nusu za video, kwa tofali hilo hilo! Alilia kwa furaha alipoiona. Leo acheka.

Kisha huyo bwana ananitolea kadi nyingine, RX 580 ya 8GB, "toa 16,000 uwe mtu kama watu." Hakuniuliza kompyuta yangu ni ipi. Yangu ni ile midogo ya ofisi iliyotoka Uingereza, pawa saplai yake, kile kisanduku cha umeme, ni wati 240 na haina waya hata mmoja wa kadi. 1050 Ti yangu yala wati 75, zote yazipata kwenye soketi ya ubao wa kompyuta, ndiyo maana niliinunua. RX 580 peke yake yataka 185. Ningefika nayo nyumbani niiangalie tu kama picha ya ukutani. Halafu mimi ndiye mwenye tofali!

Najua ni ya 2016. Najua Nvidia, wenye kuitengeneza, wamefunga draiva (programu za kuiendesha) za gemu mpya kwa kadi hizi Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Najua! Ndiyo maana nikaenda KUULIZA. Mtu akikuuliza wamjibu, humuinulii kitu chake hewani mbele za watu kama mwizi wa kuku.

Aliiinua juu, jamani. Kwa mkono mmoja. Ameshika feni.

kijana_wa_barani

Pole kaka, lakini nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza kuna nini. Tofali!!

fundi_waya

Jamaa amekosa adabu, hilo halina mjadala. Lakini kadi usiitoe bado. Fungua kazi yako nzito, tazama kinachofika asilimia 100 ni kadi au ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ikiwa prosesa ndiyo iliyochoka, hata ununue kadi ya dhahabu hutaona tofauti. Na uisafishe. Hewa yetu hii ya chumvi na mchanga wa kusi vyaua feni kabla ya umri wake. Toa vumbi, weka pesti mpya ya kupoza, utashangaa. Hizo 9,000 zitie kwenye ramu (kumbukumbu ya kazi) au SSD (diski ya kasi), kadi ingoje.

mkata_video

Ahsante fundi, nimekusikia. Lakini umesoma pale alipoiinua JUU?

kipepeo_wa_gede

Weka picha ya tofali tuone.

nahodha_mstaafu

Shukuru hukununua ile RX 580. Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, walipoacha uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022, kadi zilizochemka usiku na mchana zilimwagika sokoni kama dagaa. Nyingine nzima, nyingine zakufia mkononi wiki ya pili. Bila kuiona ikifanya kazi nusu saa kwenye gemu, usitoe pesa.

mpwa_wa_maweni

Wewe angalau tofali lako ni la kweli. Mimi niliagiza 1050 Ti mtandaoni, ikaja kwa basi toka Mombasa imefungwa vizuri kama zawadi. Nikafungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaniandikia FAKE, yaani bandia. Ndani ni GTX 550 Ti ya 2011 imevishwa jina la mwenzake! Muuzaji akanijibu "ni hewa ya pwani." Hewa ya pwani yabadilisha kadi?

kijana_wa_barani

Hewa ya pwani!! Uzi huu usifungwe.

mama_nasra

Huyo mwenye duka ndiye aliyeniambia simu yangu imeliwa na chumvi, nikatoa 2,500. Kumbe ni mchanga kwenye tundu la chaji. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyeutoa, kwa njiti ya kiberiti.

mkata_video

Mnaona? Ni yeye! Na nikiwa nimesimama pale ameishika vile, kwa feni, mama na-

nahodha_mstaafu

Kadi haishikwi kwa feni. Hapo nimekasirika na mimi.

bi_arusi_wa_disemba

Samahani kuingilia, ila kwa kuwa tunasema ya watu wa video: kuna mmoja hapa mjini nimemlipa Disemba, mpaka leo video ya harusi yangu sijaiona. Nikipiga simu aniambia "inarenda," eti kompyuta bado yaitengeneza. Inarenda miezi mitano? Mume wangu ameshaanza kunenepa, tutajijuaje humo ndani?

mama_nasra

Uuuwi, hao! Wangu aliniletea harusi ya watu wengine. Nimeitazama nusu saa nikingoja kujiona.

kijana_wa_barani

Mkata video, jitokeze.

mkata_video

Si mimi! Zangu zote zimetoka. Dada, harusi yako ilikuwa ukumbi gani?

bi_arusi_wa_disemba

Muyeye.

mkata_video

Ya Muyeye nilimpa kaka yako kwa flashi mwezi wa pili, mkononi. Muulize.

bi_arusi_wa_disemba

Kaka yangu yuko Mambrui. Ngoja nimpigie.

tuktuk_ya_shella

Kama kuna wa kwenda Mambrui naondoka saa kumi, nafasi mbili.

mama_nasra

Wewe ndiye uliyenitoza 300 Jumapili kwa safari ya mia? Usijifiche, nimekujua!