Je, singeli ina nafasi katika ukoo wa muziki wa elektroniki?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, masimulizi mengi ya muziki wa elektroniki huanzia kwa bendi ya Kraftwerk kule Düsseldorf, Ujerumani, yakapita Chicago na Detroit kule Marekani, na sisi tukatajwa kama wasikilizaji tu. Singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, hutengenezwa kwa kompyuta, kwa vipande vinavyorudiwarudiwa, na mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika. Kwa nini isihesabiwe?

Msikilizaji wa Zamani: Sikubaliani, mkuu. Juan Atkins na wenzake wa Detroit, waanzilishi wa techno, walikuwa na fikra kuhusu mashine. Singeli ni ala za taarabu zilizokimbizwa, na kama lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala isingetoa albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, ingebaki kuwa kelele za vigodoro.

Mkazi wa Mburahati: Hilo la kelele silinyamazii. Kigodoro ni shughuli ya watu: kompyuta imewekwa juu ya kiti cha plastiki, DJ anakizungusha kipande kimoja cha kinanda, MC anaghani mpaka sauti inamkauka, na kina mama wanamtunza noti usiku kucha. Msanii wa singeli Msaga Sumu alikuwa na jina uswahilini kabla ya albamu hiyo, na studio ya Sisso iko huku huku kwetu.

Fundi Vinanda: Mimi nashika neno "fikra". Kampuni ya Roland iliitoa mashine ya TB-303 mwaka 1981 ili impigie mwanamuziki besi ya kuiga, haikununuliwa sana, wakaacha kuitengeneza mwaka 1984. Vijana wa Chicago waliipata kwa bei ya mtumba, wakachezea vitufe vyake, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo wa Acid Tracks. Kundi la Jagwa Music wa Mwananyamala nao walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye spika hadi vikakwaruza, na muziki huo, unaoitwa mchiriku, ndio mzazi wa singeli. Fikra ilizaliwa mikononi, huku na kule.

Msikilizaji wa Zamani: Nakubali kuhusu Casio, lakini bado kuna suala la maneno ya MC. Albamu ya Poaa ya mtayarishaji Bamba Pana ya mwaka 2018 ina midundo kadhaa isiyo na MC, na hiyo ndiyo inayochezwa kwenye kumbi za Ulaya.

Mkazi wa Mburahati: Basi sema waziwazi kwamba unazungumzia kumbi za Ulaya, ndugu yangu. Huku Mburahati, DJ akipiga midundo mitupu kwa muda mrefu, watu huanza kumuuliza MC yuko wapi.