Miwani ya kuogelea kuingia ukungu: mate, shampuu ya mtoto au dawa ya kupuliza?

KasiaMoja (Goma)
Wapendwa, habari zenu. Ninaogelea ziwani mara tatu kwa wiki, upande wa Himbi, saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Mwezi wa nne nilinunua miwani mpya. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naona mpaka yale mawe meusi ya volkano chini kabisa. Sasa nikipiga mikono dakika tano tu, vioo vinakuwa vyeupe kama nimeinamia sufuria ya ugali. Juzi nimegonga kichwa kwenye mtumbwi uliofungwa. Mzee aliyekuwa ndani akaniuliza kama mimi ni kipofu. Nikamwambia: kidogo, mzee.

Nimeshajaribu haya:

Mate. Hayana gharama, yanafanya kazi kama robo saa, halafu ukungu unarudi.

Dawa ya meno. Niliambiwa nisugue ndani kwa mswaki wa zamani. Nikasugua kweli kweli. Ukungu haukuondoka, na sasa jua likipiga naona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui.

Dawa ya kupuliza, ile ya chupa ndogo. Shemeji aliniletea kutoka Kigali, dola 11. Siku ya kwanza niliipuliza nikavaa hapo hapo. Nilitoka majini nikilia kama mtu wa msibani.

Mimi nakaa majini karibu saa nzima. Ninyi mnatumia nini?

PapaKituku (Goma)
Mwanangu, mate. Sisi tunafanyaka vile tangu zamani. Ila ninyi vijana munatemea miwani ikiwa imeshalowa, hapo mate yanaenda na maji. Miwani iwe kavu kabisa. Tema, zungushia kwa ulimi ama kwa kidole kilicho safi, ngoja kidogo, kisha chovya ziwani mara moja tu. Mara moja! Nakuonaka watu wanasuuza mpaka hakuna kilichobaki, halafu wanasema mate ni uongo.

DadaFarmasi (Bukavu)
KasiaMoja, pole na macho. Naanza na dawa ya meno maana imenikera. Huo ni ushauri wa wazamiaji. Barakoa zao zina kioo halisi, na zikiwa mpya zinakuja na utando wa silikoni kutoka kiwandani, ndio huo wanausugua ili utoke. Miwani yetu ya kuogelea ni plastiki, polikaboneti, ambayo inakwaruzika upesi. Tena ndani imepakwa tabaka jembamba la kuzuia ukungu. Ulilisugua lenyewe likaisha. Ingawa nadhani lilikuwa limeshaanza kufa kabla ya hapo, kwa sababu umesema wiki mbili za kwanza ilikuwa safi. Ulikuwa unaifuta ndani kwa kidole au taulo, si ndiyo?

Na kwa nini ukungu unakuja: ngozi ya uso wako ina joto la karibu digrii 34. Maji ya juu ya Kivu yana digrii 23 mpaka 25. Ile hewa kidogo iliyofungwa kati ya jicho na kioo imejaa unyevu wa ngozi na macho. Ikigusa kioo kilichopozwa na ziwa, unyevu unageuka vitone vidogo sana, na vitone ndivyo vinavyotawanya mwanga. Huwezi kuzuia maji yasije. Kinachowezekana ni kuyafanya yatandae, yawe ngozi moja nyembamba juu ya kioo badala ya vitone, hapo unaona vizuri. Mate yanafanya hivyo kwa sababu ya protini zake. Sabuni inafanya hivyo kwa nguvu zaidi. Dawa yako ya dola 11 nayo kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwa saa nzima mimi nasema shampuu ya mtoto. Imetengenezwa isichome macho, ndiyo faida yake juu ya sabuni ya vyombo. Kijiko kimoja cha shampuu, vijiko vitatu vya maji, koroga polepole ili isitoe povu. Dondosha tone moja kila upande, inamisha miwani huku na huku mpaka lienee lenyewe. Usisugue. Acha dakika mbili, kisha chovya kwenye maji haraka, utikise, uvae.

Mwana_Muhumba (Bukavu)
Shampuu ya mtoto, narudia, SHAMPUU. Mimi nilimtuma mdogo wangu sokoni Kadutu, nikamwambia leta ile ya watoto ya kwenye chupa. Akaleta mafuta ya watoto. Chupa inafanana, picha ya mtoto ni ile ile, na mimi sikusoma. Nikapaka vizuri, kwa upendo. Ndugu zangu, niliona upinde wa mvua ziwani. Kila taa ya ng'ambo ilikuwa na pete tatu. Na ukungu ukawa mbaya kuliko zamani, kwa sababu kwenye mafuta maji yanajikusanya kuwa matone makubwa zaidi. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara nne ndipo yakatoka.

Lushi_Kenya (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Mimi wa komini ya Kenya, si nchi, watu wananiulizaka kila siku.

Huku hatuna ziwa kama lenu, ni pisini ya wazi. Mu mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inashuka chini ya digrii 10, na maji ya pisini yanakuwa barafu nusu. Ninyi wa Kivu bado munabembelezwa. Maji yakiwa baridi zaidi ukungu unaongezeka, ndiyo hesabu ya dada hapo juu: tofauti ya uso na maji inakuwa kubwa. Kwa hiyo nimejaribu vyote, kwa shida si kwa kupenda.

Mate huku mwezi wa saba: mizunguko sita, kwisha. Shampuu: zoezi lote, lakini nikivua miwani katikati lazima nipake upya. Dawa ya kupuliza: sawasawa na shampuu, sikuona ajabu yoyote. Tena klorini inakula lile tabaka la kiwandani, kwa hiyo ninyi wa maji ya ziwa miwani yenu ingepaswa kudumu kuliko yangu.

Ila kuna kitu hamujasema. KasiaMoja, ukipumzika unaweka miwani wapi? Kama unaipandisha kwenye paji la uso, hapo ndipo unaiharibu. Paji linatoa joto na jasho, mafuta ya ngozi yanaingia ndani, ukiishusha imeshajaa mvuke. Iache machoni au ivue uishike mkononi. Na kabla ya kuvaa, osha uso kwa yale maji utakayoogelea, upoe kwanza. Ukitoka kukimbia na uso unafuka, hata shampuu haitakusaidia dakika kumi za kwanza.

KasiaMoja (Goma)
Aksanti sana wote. DadaFarmasi, ndiyo, nilikuwa nafuta ndani kwa taulo kila siku. Nilidhani ni usafi.

Yaya wa Lushi, umenigusa. Nikichoka nasimama, naipandisha pajini, naangalia Nyiragongo. Ukungu mkubwa unakuja hapo hapo nikianza tena. Nilidhani ni uchovu wa macho.

DadaFarmasi (Bukavu)
Hata usipoipandisha, ukitoa kichwa majini asubuhi ukungu unaweza kuongezeka. Hewa ya Goma saa kumi na mbili ni baridi kuliko ziwa, na kioo kilicholowa kikipigwa na upepo kinapoa zaidi. Zamisha uso tena kabla hujafikiri miwani imeharibika.

Kuhusu dawa ya kupuliza: tatizo halikuwa dawa, ni kuvaa bila kusuuza. Zile dawa zikibaki ndani zinaweza kuumiza uso wa jicho, si kuchoma tu. Pulizia, acha kidogo, suuza, ndipo uvae. Kama macho yaliendelea kuuma siku ya pili au ulikuwa unaona giza giza, nenda kwa daktari wa macho, usiniulize mimi hapa.

Mwana_Muhumba (Bukavu)
Na glisirini je? Nyumbani ipo, mama anapaka mikono.

DadaFarmasi (Bukavu)
Inasaidia dakika chache, halafu inayeyuka majini. Mwachie mama.

KasiaMoja (Goma)
Nitafanya mtihani wa kweli. Nitapaka ufukweni, nijilaze kwenye kale kabonde karibu na maji nikisubiri dakika mbili, niingie.

PapaKituku (Goma)
Usijilaze kwenye kabonde asubuhi! Wewe ni mtu wa Himbi, hujui mazuku? Ile hewa nzito inakaa chini mashimoni, hasa asubuhi kabla ya upepo, haina rangi, hainuki. Mbuzi wanakufaka mulemule. Simama juu ya jiwe, subiri ukiwa umesimama.

KasiaMoja (Goma)
Nimekubali, Papa. Nimesimama juu ya jiwe siku zote nne.

Haya majibu. Nilinunua miwani nyingine ya bei ndogo, ili ile iliyokwaruzwa isinidanganye. Sikuigusa ndani. Nikaiosha kwa sabuni siku ya kwanza ili lile tabaka la kiwandani lisinisaidie sana, ingawa najua halikutoka lote.

Siku ya kwanza: jicho la kulia shampuu, la kushoto mate ya Papa (yangu, lakini kwa njia yake, miwani kavu, kuchovya mara moja). Kushoto kulikaa vizuri kuliko zamani. Dakika ishirini hivi, ukungu ukaanza kwenye kona ya karibu na pua, mahali ambapo kioo kimekaribia ngozi, ukapanda polepole. Kulia, nilitoka majini baada ya dakika hamsini, kona hiyo hiyo ilikuwa na kivuli kidogo tu.

Siku ya pili nilibadilisha upande, nikidhani labda jicho langu la kushoto linatoka jasho zaidi. Matokeo yaligeuka pamoja na shampuu. Basi si jicho.

Siku ya tatu: shampuu kulia, dawa ya dola 11 kushoto, imesuuzwa safari hii. Dakika hamsini, sikuweza kusema ipi ni ipi. Shemeji asisome hapa.

Siku ya nne sikupaka kitu. Niliacha matone machache ya maji ya ziwa ndani makusudi, kama wanavyofanya baadhi ya waogeleaji wa mashindano; ukungu ukija unatikisa kichwa, matone yanaosha kioo. Inafanya kazi, lakini maji yanacheza mbele ya jicho muda wote na mimi nilishindwa kuvumilia.

Kwa hiyo mate kwa wanaokaa majini robo saa, na hapo simpingi Papa. Mimi wa saa nzima, shampuu. Ile miwani ya dawa ya meno niliipaka shampuu pia, imefutika ukungu, lakini nyuzi nyuzi zimebaki. Nimempa mtoto wa jirani, anaivaa akikata vitunguu.

Lushi_Kenya (Lubumbashi)
😂 Mark Spitz alichukua dhahabu 7 Munich 1972 bila miwani yoyote. Wewe umefanya mtihani wa siku nne kwa ajili ya kutogonga mtumbwi.

KasiaMoja (Goma)
Spitz hakuwa na mitumbwi mbele yake, yaya.

Nsimire_K (Goma)
Samahani kwa kuchelewa. Hiyo shampuu ya mtoto mnanunua wapi, naona Birere wana chupa kubwa tu?

Mwana_Muhumba (Bukavu)
Uliza kwenye farmasi, zipo chupa ndogo, utaitumia mwaka mzima. Na mama, soma jina kwenye chupa kabla ya kulipa.