Tupeane uzoefu: Mabehewa ya mizigo yaliyolala kwenye reli iliyokufa

Wakuu, habari za leo. Nimekulia jirani na reli ya Tanga, upande wa Korogwe. Naomba tukusanye kumbukumbu za yale mabehewa ya mizigo yaliyobaki yamesimama miaka na miaka baada ya treni kuacha kupita. Reli yenyewe Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Treni zilirudi Moshi 2019 na Arusha 2020, na watoto wanaokua sasa watadhani zilikuwepo siku zote. Tuandike wakati tunaokumbuka bado tupo.

Naanza mimi. Nyuma ya kwetu kulikuwa na safu ndefu, mengi ni yale yaliyofunikwa, ya milango ya kusukuma pembeni. Majani yalipanda hadi kwenye ekseli. Mwarobaini uliota katikati ya mabehewa mawili, ukanenepa mpaka ukabana kiungio chake. Kuyatenganisha kungehitaji shoka kwanza. Mama alianika mahindi kwenye behewa la wazi, mbuzi wakajilalia kivulini chini yake. Nilichokipenda zaidi ni ubavu wa behewa moja: rangi ya juu ilipobanduka, zikatokea herufi EAR, za reli ya Afrika Mashariki kabla ya Jumuiya kuvunjika 1977. Baba alinieleza hapohapo kwamba zamani behewa kama lile lilifika Mombasa na Kampala. Nilimuuliza maswali mpaka magharibi.

Fundi Mstaafu:
Umenikumbusha mbali, mwanangu. Nilikuwa karakana, upande wa mabehewa. Watu wanafikiri behewa ukishaliacha limetulia. Hapana. Likiachanishwa na kichwa, breki zinashikwa na upepo uliobaki kwenye silinda, na upepo ule huvuja taratibu hadi breki zinaachia. Ndiyo maana lazima ukaze breki ya mkono na kutia kabari kwenye magurudumu, hasa penye mteremko. Halafu kuna beringi. Gurudumu lisipozunguka, grisi hujikusanya chini, unyevu unaingia, chuma kinaanza kuliwa. Kulirudisha kazini behewa la namna hiyo unafungua kila kitu, unasafisha, unapima ekseli. Kwetu uchungu haukuwa kutu, uchungu ulikuwa kukuta mabomba ya breki na vyuma vidogo vimeng'olewa usiku kwenda kwenye chuma chakavu. Kitu cha kilo mbili kinalaza behewa zima.

Mtaveta:
Shikamoo mzee. Huku kwetu Taveta, Kenya, reli ya kutoka Voi ilijengwa wakati wa vita vya kwanza, ikaungana na yenu kule Kahe. Nikiwa mdogo ilikuwa imekufa kabisa. Tulikuwa na mabogi machache tu, na moja lilikuwa na nyuki. Wazee walitukataza kusogea, lakini msimu wa asali wao wenyewe walikuja na moshi na ndoo.

Mbongo wa Ughaibuni:
Niko Marekani. Mwaka 2009, uchumi ulipoanguka, niliendesha gari kando ya reli ndogo mashambani nikaona mabehewa hadi macho yakachoka. Nikauliza. Kumbe kampuni ndogo za reli hukodisha njia zisizotumika na kutoza kila behewa kwa siku. Biashara ikirudi, yanavutwa kwenda kupakia. Niliumia kidogo nikifikiria ya Korogwe. Yale hayakuegeshwa kusubiri mzigo, yaliachwa, na hakuna aliyelipwa hata senti kuyatunza.

Mwana Korogwe:
Mzee Fundi, shikamoo moja haitoshi, nakupa mbili. Swali: mabehewa yetu ya reli ya upana wa mita moja hayawezi kuingia SGR, ile reli mpya ya kisasa, kwa kuwa upana wake ni milimita 1,435. Kwa hiyo yaliyo mazima bado yana kazi kwenye reli ya zamani, sivyo? Na walioko Mombo, Same na Mnyusi, mwenye picha za zamani aziweke hapa, hata kama zimefifia, mradi namba ya behewa inasomeka.